Kutoa kinyama kwenye uvimbe wa titi: ni kweli kansa inasambaa?

Kijana wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu ana miaka 43, amegusa kauvimbe kwenye titi la kushoto. Hakaumi, kagumu, ukikasukuma hakahami. Hospitali ya mkoa hapa Morogoro wamempima ultrasaundi na mamografia, daktari kaandika atolewe kinyama kwa sindano kipelekwe maabara. Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Shangazi anasema uvimbe ukiguswa na chuma unachachamaa, kwa hiyo atumie kwanza mitishamba miezi mitatu. Shemeji yuko kimya. Jumapili kuna kikao, nataka hoja za kwenda nazo. Naomba kuwasilisha.

Chuma Mboga
Pole sana mkuu. Shangazi yako na mama yangu lao moja. Naweka kambi hapa.

Sista wa Usiku
Sindano haisambazi kansa. Imani hiyo inatokana na kinachoonekana: mtu anakaa na uvimbe mwaka mzima, anakuja tezi za kwapani zimeshavimba, anatolewa kinyama, baada ya muda anafariki, sindano inabeba lawama. Kutouma nako kusiwadanganye. Uvimbe mwingi wa kansa ya titi mwanzoni hauumi.

Tena si kila uvimbe ni kansa. Kuna faibroadenoma, hasa kwa mabinti, na kuna sisti za maji. Ila hiyo ya dada, ngumu na isiyohama, isikae miezi mitatu.

Anachomwa ganzi kwanza. Mkipewa kichupa mkipeleke wenyewe maabara, na huku kwetu hilo ni kawaida, hakikisheni kinyama kimezama kwenye formalini na jina limeandikwa kwenye kichupa chenyewe, siyo kwenye kifuniko tu. Vifuniko hubadilishana. Na majibu yakisema ni kansa, ulizeni vipimo vya vipokezi, yaani alama kwenye chembe za kansa zinazoonyesha dawa ipi itamfaa: ER na PR, ambavyo ni vya homoni, na HER2. Bila hivyo daktari anachagua dawa gizani. Mwenye vipokezi vya homoni hupewa vidonge kama tamoksifeni, kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Mwenye HER2 ana dawa yake nyingine, trastuzumabu.

Ngosha Asilia
Hospitali wanataka hela tu. Jirani yangu alikunywa mizizi, uvimbe ukayeyuka wenyewe.

Sista wa Usiku
Ngosha, huyo jirani alipimwa kinyama ikathibitika ni kansa? Au alikuwa na uvimbe tu? Sisti huweza kupotea zenyewe hata ukinywa maji ya dafu.

Ngosha Asilia
Hakupimwa. Lakini alipona.

Mama Wawili Tabata
Mimi titi la kulia halipo, na hapa nimetoka kupika ugali. Kemo, yaani dawa za kuua kansa, nilipatia Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar. Kuna dawa yao nyekundu. Siku ya kwanza nilipiga ukunga chooni nikidhani natoa damu, kumbe ni rangi ya dawa inatoka na mkojo. Nywele zilikwisha, zikaota tena. Kilichotutesa sisi ni mionzi, siyo kwa maumivu, maana hauhisi kitu. Ni kwamba unaenda kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa. Mtu wa Morogoro hawezi kwenda na kurudi. Tafuteni mapema ndugu wa kumpokea Dar, na mkikwama waulizeni ustawi wa jamii wa hospitali, msikae na shida yenu kimya.

Halafu shemeji usimsubiri kwenye kikao. Mpigie leo, mkiwa wawili.

Kijana wa Kihonda
Nimempigia. Kumbe kinachomtisha siyo sindano, anadhani wakishapima tu wanakata titi. Shangazi ndiye aliyemwambia.

Sista wa Usiku
Kupima siyo kukubali upasuaji. Na hata ikiwa kansa, uvimbe ukiwa mdogo mara nyingi unaweza kutolewa peke yake, titi likabaki, kisha mionzi ikafuata. Ukishakuwa mkubwa nafasi hiyo hupungua. Miezi mitatu ya mitishamba ndiyo inayoweza kumkatisha titi.

Kijana wa Kihonda
Hii naipeleka kikaoni kama ilivyo. Shemeji kashakubali, Jumatatu anampeleka mwenyewe.

Chuma Mboga
Majibu yakitoka, ziba jina, piga picha karatasi uiweke hapa Sista aione.