Mtwara–Mwanza kwa ndege: safari yako ilikula saa ngapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, mwezi ujao nampeleka mama Mwanza kwa mdogo wangu aliyejifungua. Basi hataki hata kulisikia. Zile kilomita 560 za Dar peke yake zilimvimbisha miguu. Nimepima kwenye ramani: Mtwara–Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama 1,190. Kupitia Dar ni 400 hivi, kisha 850 hivi. Yaani kupinda Dar kunaongeza kilomita 60 tu! Mbona basi watu wanasema siku nzima inaisha? Waliopita njia hiyo, karibuni.

Dada wa Chuno: Hesabu yako haina kasoro, ila muda hauliwi angani. Mtwara–Dar tulipanda pangaboi. Ile inakwenda kilomita 600 na ushee kwa saa, lakini ukiweka kupanda na kushuka, tulitua dakika ya 55. Dar–Mwanza jeti, saa moja na robo. Sasa sikia: nyumbani nilitoka saa 11 alfajiri, Mwanza nikapokelewa saa 11 jioni! Nilikata tiketi mbili mbalimbali, kwa hiyo Dar nilitoka nje na mzigo wangu, nikangoja saa sita nimekumbatia begi la korosho, ndipo nikaukabidhi upya. Kata tiketi moja mpaka mwisho. Na kiti cha magurudumu cha mama kiombe mapema, usingoje siku ya safari.

Mdau wa Lindi: Nyie wa Mtwara mnadeka. Sisi tuna zaidi ya kilomita 100 kabla hata ya kuuona uwanja. Mwaka jana nilipanda Coaster, ikapiga kambi Mingoyo kutafuta abiria. Nafika, kaunta imefungwa. Ndege naiona pale, ngazi bado imeegemea, na mtu wa mwisho anapanda taratibu kabisa. Iliniuma. Siku hizi nalala Mtwara.

Mdau wa Masasi: Yangu ni ya Dar–Dubai, lakini itawafaa. Tiketi iliandikwa tarehe 14, 00:30. Nikajua ni saa sita na nusu usiku, sawa. Tarehe 14 nikashinda kwa shemeji, nikala futari, usiku nikaenda uwanjani kwa madaha. Kumbe ndege yangu iliondoka usiku wa kuamkia tarehe hiyo! Sisi usiku ule bado tunauhesabu wa jana yake. Na saa ya kufika msiijumlishe kienyeji, Dubai wapo saa moja mbele yetu.

Mleta mada: Dada wa Chuno, ubarikiwe, nakata moja. Tatizo mama kashafunga kilo kumi za korosho, na pweza mkavu juu. Pweza anapita?

Dada wa Chuno: Kilo za begi soma kwenye tiketi yako. Pweza mfungeni mifuko mitatu, kaka. Akianza kunukia humo ndani hamtaulizwa mmetokea wapi.