Nimepewa timu ya wageni ya mashindano ya Foster: nisaidieni kabla hawajatua Sea-Tac

Kutoka: Binti wa Mwanza, U District

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Shule yetu ya biashara, Foster, huwa na mashindano ya kimataifa yanayoitwa Global Business Case Competition. Vyuo vya nje vinaleta timu za wanafunzi wanne wanne pamoja na mwalimu wao. Wanapewa kisa cha kampuni, wanajifungia nacho saa 48, kisha wanasimama mbele ya waamuzi kueleza kampuni ifanye nini. Timu inapewa mwanafunzi wa hapa wa kuwa mwenyeji wao. Niliomba nafasi hiyo, nimekubaliwa, na timu yangu inatoka Singapore. Wanafika Aprili.

Furaha ninayo, lakini usingizi umepungua. Sijawahi kupokea mgeni ambaye si ndugu. Nyumbani mgeni akibisha hodi mama anajua la kufanya, mimi natumwa soda na kukaribisha viti. Hapa hakuna wa kunituma.

Naomba mnijibu haya. Niko kwa viza ya mwanafunzi, F-1: kujitolea kunahesabiwa kazi? Sina gari: ni vibaya kuwapandisha treni toka uwanja wa ndege? Tukienda kula nje, nani analipa? Na yule mwalimu wao ni mtu mzima, nitamwitaje?

Asanteni sana.


Kutoka: Kaka wa Kent

Mdogo wangu, hongera. Nilifanya kazi hiyo hiyo miaka michache iliyopita nikiwa mwaka wa tatu, na ile wiki naikumbuka kuliko mihula mizima.

Treni usiionee aibu. Watu wa Singapore wamezaliwa kwenye treni. Treni ya Link toka uwanja wa Sea-Tac hadi U District, mtaa wa chuo, ni kama dakika 45, nauli dola 3. Wewe U-PASS, pasi ya usafiri ya wanafunzi, unayo kwa sababu imo kwenye ada, wao hawana, kwa hiyo waandalie kadi za nauli za ORCA kabla hawajafika, msije mkasimama wote mbele ya mashine na masanduku. Waambie mapema pia kwamba kituo hakipo mlangoni. Mnapita ndani ya jengo la maegesho, ghorofa ya nne, na mtu aliyekaa kwenye ndege mchana na usiku anauona ule mwendo ni mrefu. Wakichelewa kutoka usiwapigie simu mara kumi. Sehemu ya ukaguzi wa uhamiaji simu haziruhusiwi, na foleni inaweza kuchukua nusu saa au saa mbili. Simama mahali pamoja, na karatasi yenye jina la chuo chao, usiondoke.

Saa zao ni 15 mbele ya zetu mwezi huo. Kwao ikiwa saa sita usiku, huku ni saa tatu asubuhi, ndiyo maana asubuhi ya kwanza utawaona wanakutazama bila kukusikia. Saa nane usiku watakuwa macho wote. Jambo lolote la muhimu usiwaeleze asubuhi ile. Waandikie kwenye WhatsApp, walisome wakiamka.

Na hili utanishukuru: plagi. Singapore wanatumia pini tatu zile zile za Uingereza tunazotumia Kenya na Tanzania. Adapta ulizokuja nazo toka Mwanza, zile zilizolala kwenye droo, zitoe zote. Timu ina kompyuta nne, simu tano, na soketi za hoteli hazipokei hata moja. Mimi nilikusanya adapta sita kwa Wakenya wenzangu wa bweni, nikawa mtu wa maana sana usiku ule.

Sasa nikueleze lililonifundisha kazi yenyewe. Timu yangu ilitoka Indonesia na mwaka ule ilikuwa Ramadhani. Chakula kilikuwepo, tena kingi, na fomu ya wageni ilishauliza nani anakula nini. Msichana mmoja alikuwa ameandika halali. Mimi nikahakikisha ni halali, nikaridhika. Siku ya pili jioni napita kwenye korido ya hoteli namkuta amekaa sakafuni karibu na mashine ya barafu, chupa ya maji katikati ya miguu, anaangalia saa kwenye simu. Mkononi ana biskuti mbili za bure za hotelini. Aprili Seattle jua linazama karibu na saa mbili usiku. Chakula cha jioni kilikuwa kimeliwa na kuondolewa muda mrefu. Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniambia wenzake wana kazi, hakutaka mtu asumbuke kwa ajili yake.

Tulimuuliza anakula nini, hakuna aliyemuuliza anakula saa ngapi.

Nikampigia mama mmoja wa Tukwila, yumo humu humu kwenye kundi, atajisema mwenyewe akitaka. Nikaomba ruhusa kwa waandaaji, wakakubali mara moja. Kesho yake jua lilipozama palikuwa na tende, sambusa na chupa ya uji mlangoni pa chumba chao. Wale watatu ambao hawakufunga waliacha kompyuta wakakaa naye chini kwenye zulia. Dakika kumi, kisha wakarudi kazini. Daku nikamwekea kwenye friji ya chumba, maana alfajiri ilikuwa inaingia kabla ya saa kumi na moja na hakuna mgahawa ulio wazi.

Kwa hiyo mdogo wangu, mgeni wa aina hii hatakuambia njaa yake. Sisi nyumbani tumelelewa kuiona bila kuambiwa, na macho hayo hukuyaacha Mwanza. Lakini ile ya "ongeza, hujala, unanionea haya" usiilete yote. Uliza mara mbili, kisha kiache chakula karibu na mkono wake na uondoke.

Jambo la mwisho. Kisa wakishafunguliwa, hukijui na hukijadili. Saa 48 zile hata mwalimu wao hawasaidii. Watakujaribu bila kujua: "Vijana wa hapa wangenunua kitu kama hiki?" Swali dogo la urafiki, lakini jibu lako ni msaada ambao timu nyingine hawakuupata. Mimi nilikuwa nasema, "Hilo siwezi, ila chai ninayo." Walielewa.


Kutoka: Dada wa Shoreline

Nitajibu la viza tu kwa sababu nimeona watoto wetu wakijiingiza kwenye shida kwa kutouliza.

F-1 inakuruhusu kazi ya malipo ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kujitolea kwa kweli, kazi ambayo kwa kawaida hailipwi na wewe hulipwi, ni jambo jingine, na wanafunzi wa kimataifa wanafanya kila mwaka. Hata hivyo nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo, waeleze kazi ilivyo, jibu lao ulipate kwa maandishi na ulihifadhi. Mtu akikuambia "tutakupa kitu kidogo", iwe fedha au kadi ya duka, uliza kabla hujapokea. Usitegemee jibu la mtu wa kwenye kundi, hata langu.


Kutoka: Mama wa Tukwila

Mwanangu, ni mimi yule wa uji. Uji wenyewe ulikuwa wa pilipili manga kama tunavyoupika Mombasa, na yule binti wa watu aliirudisha chupa imeoshwa na kufutwa, ndani ameweka peremende za kwao. Bado naikumbuka adabu ile.

Wewe niambie siku na idadi. Mahamri na mbaazi si kazi, nitafanya. Ila waulize kwanza kama kuna mtu karanga au nazi inamdhuru, maana mbaazi zangu ni za nazi na siwezi kuzipika bila nazi.

Kuhusu majina. Usiogope kuuliza. Wachina wa Singapore jina la ukoo huja mbele, kwa hiyo mtu aitwaye Tan au Lim mwanzoni, hilo ndilo la ukoo. Wamalay wanasema bin na binti kama sisi wa pwani, jina la pili ni la baba yake, hata hutapotea. Fanya mazoezi ya kuyatamka kabla hawajaja. Mtu akishuka kwenye ndege akasikia jina lake limesemwa sawasawa, nusu ya uchovu imekwisha. Mwalimu mwite Profesa mpaka mwenyewe akuambie vingine.


Kutoka: Baba wa Federal Way

Nawasalimu wote. Mimi nina neno tofauti na nalisema kwa upendo.

Robo ya masomo ya majira ya kuchipua inaanza mwisho wa Machi. Mashindano yakiwa Aprili, mitihani ya kati iko hapo hapo karibu. Kijana wangu alijitolea kwenye shughuli kama hii chuo kingine, akakosa usingizi wiki nzima na kwenye somo la uhasibu akashuka vibaya, na kwa mwanafunzi anayelipa ada ya mgeni, kurudia somo ni maelfu ya dola. Hakuna aliyemlazimisha, alishindwa kusema "sasa naenda kusoma". Binti, kabla hujahesabu mahamri, fungua silabasi zako zote leo, andika tarehe za mitihani, waandikie wahadhiri mapema. Usisubiri wiki yenyewe.

Na umri wa pombe hapa ni miaka 21. Kwa Singapore ni 18. Vijana wa miaka 20 watataka kusherehekea baada ya mawasilisho, na kwao si kosa. Waambie siku ya kwanza, wakiwa wote, kwa sauti ya kawaida, kwamba baa itadai pasipoti na aliye chini ya 21 atarudishwa mlangoni. Ukisubiri usiku wa sherehe, utakuwa wewe ndiye unayemharibia mtu furaha mbele ya wenzake.


Kutoka: Kaka wa Kent

Mzee amesema kweli kuhusu mitihani. Mimi nilipatana na rafiki yangu anipokee jioni mbili, nikasoma. Tafuta wa kukupokea mapema.

Sikujibu la kulipa. Waandaaji watakuambia milo gani imegharamiwa. Nje ya hapo kila mtu analipa chake, na wao wanategemea hivyo. Lakini waeleze hesabu. Bei ya kwenye menyu si utakayolipa: kodi ya mauzo Seattle inapita asilimia 10, halafu bakshishi asilimia 15 hadi 20. Chakula cha dola 20 kinaishia karibu dola 26. Kwao mhudumu hangoji bakshishi, kwa hiyo wataacha meza bila kitu na mhudumu atadhani hawakuridhika naye.

Na koti la mvua, waandikie kabla hawajafunga masanduku. Wanatoka nchi ya joto la kila siku. Mvua ya hapa ni nyembamba, haishtui, unaiona tu mabega yamelowa, na suti ya kuwasilisha ni moja.


Kutoka: Binti wa Mwanza, U District

Jamani, nimesoma yote mara mbili na kuandika pembeni. Ofisi ya kimataifa nimeenda jana, wamenijibu kwa barua pepe, naruhusiwa. Silabasi nimefungua: mtihani wa takwimu uko siku tatu baada ya wageni kuondoka, na mwenzangu wa chumba amekubali kunishikia Jumatano na Ijumaa jioni. Mama wa Tukwila, nimewauliza: mmoja karanga zinamdhuru, nazi wote wanakula, na mmoja hali nyama kabisa. Profesa wao ni mama, ameniandikia kwa upole sana, anauliza kama maua ya micheri pale Quad, uwanja wa ndani ya chuo, yatakuwa bado yapo. Nimemwambia ukweli, kwamba kilele huwa mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, huenda akayakuta yameshaanguka chini. Akajibu kwamba hata ya chini atayapiga picha.

Limebaki moja. Siku ya kuondoka ndege yao ni saa kumi na mbili asubuhi. Inabidi wawe uwanjani saa kumi alfajiri, na muda huo Link haijaanza. Wako watano, na mimi nataka kuwasindikiza mpaka mlangoni.


Kutoka: Mjomba wa Renton

Ninalo gari la viti saba, na bima yangu nimewapigia kuuliza, inaruhusu kubeba watu bila malipo. Lakini viti saba vikijaa, nyuma hapabaki nafasi hata ya begi la mgongoni. Kaka wa Kent, wewe chukua masanduku. Tukutane mbele ya hoteli saa tisa usiku, siyo saa tisa na nusu.