Naomba ushauri: nimeitwa mwizi kwenye uchaguzi wa chama chetu

Habari zenu wakuu. Nilikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kijamii, safari hii nikagombea uenyekiti. Siku mbili kabla ya kura, mpinzani wangu alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wanachama kwamba nimekula pesa za rambirambi. Jina langu alilitaja wazi. Nilishindwa, na hilo nimelikubali, kura ni kura. Ila neno mwizi limenigandia, hadi watoto wangu wanaulizwa.

Hesabu zilikaguliwa zikapita, na ujumbe wake nimeuhifadhi. Angesema tu sifai kuongoza, hayo yangekuwa maoni yake. Wizi ni tuhuma inayohitaji ushahidi. Wasiwasi wangu ni kwamba atadai alikuwa akiwaonya wenzake kwa nia njema, utetezi ambao mahakama nyingi huuzingatia isipothibitika kuwa alisukumwa na chuki.

Je, nianze na barua ya wakili nikitaka akanushe kwenye kundi lilelile, au nipitie kwanza kamati ya usuluhishi iliyo kwenye katiba yetu? Vikao vya kamati hiyo (mnavijua vikao vyetu) havina mwisho, nami naogopa muda wa kufungua kesi usije ukanipita.