Mtoto wa miaka minane hachezi na hali mboga: tuanzie wapi?

Mama Baraka (Tabata, Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wa wazazi wenzangu, na wa wataalamu kama wamo humu. Mwanangu wa kwanza ana miaka minane na anasoma darasa la tatu. Tulipokuwa Morogoro alikuwa mtoto wa kutafutwa kwa tochi, maana magharibi iliingia yeye bado yuko uwanjani na wenzake, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Tangu tuhamie Dar miaka miwili iliyopita tunaishi ghorofa ya pili, ua wote umesakafiwa na wenye nafasi ni magari. Basi la shule humchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumrudisha saa kumi na moja jioni. Akifika anavua viatu, anaomba simu kwa dada wa kazi, na hapo haondoki mpaka aitwe mezani.

Chakula nacho ni mtihani. Wali na chipsi anakula vizuri, lakini mchicha anauchambua jani kwa jani na kuupanga ukingoni mwa sahani kama fundi anayepanga matofali, kisha anasema ameshiba. Tulipompeleka kituo cha afya kwa sababu ya homa, muuguzi alimpima akatuambia kwamba uzito wake umezidi kimo na umri. Baba yake alimnunulia baiskeli. Iko chini ya ngazi na ina pancha tangu Pasaka. Soda tuliipiga marufuku, tukaja kugundua kwamba anainywa kwa jirani. Tunakosea wapi?

Baba Ibra (Mbezi)

Mama Baraka, pole. Mimi nilianza kwa kufoka, na nilikoma siku moja ya Jumapili nilipokuwa nimejilaza kwenye kochi nikitazama mpira, nikamwambia Ibra atoke nje akacheze. Aliniuliza, tena kwa adabu kabisa: "Baba, mbona wewe umelala?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo kila Jumamosi tunakwenda sokoni kwa miguu, yapata nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, naye ndiye anayebeba kikapu. Nampa shilingi 2,000 anunue mboga moja anayoitaka mwenyewe na apatane bei mwenyewe. Mara ya kwanza alinunua bamia kwa sababu muuzaji alimwonyesha kwamba bamia changa hukatika ncha kwa kidole na iliyokomaa hupinda tu, basi akavunja ncha za fungu zima kabla ya kulipa. Jioni alizila zote, kwa kuwa zilikuwa bamia zake. Nyanya chungu hazigusi hadi leo, nami nimemwacha.

Kuhusu soda, marufuku ya mtoto peke yake haishiki. Sisi tuliacha kuiingiza nyumbani kwa watu wote, nami nikiwemo, na nakiri kwamba aliyeteseka zaidi si Ibra. Kwenye sherehe anakunywa kama wenzake na hatumwangalii kwa jicho baya.

Mwalimu wa Msingi (Tanga)

Kabla hatujamwita mtoto huyu mvivu, tupige hesabu. Ili apande basi saa kumi na moja na nusu, bila shaka anaamshwa saa kumi na moja. Ikiwa analala saa nne usiku baada ya kazi za shule, anapata saa 7 za usingizi, wakati mtoto wa umri wake anahitaji kati ya saa 9 na 12. Darasani nawaona watoto wa namna hii kila siku: hawasinzii kama watu wazima, bali wanakuwa wazito, wanakasirika upesi na wanataka vitu vitamu. Kwa hiyo mimi ningeanza na kitanda kabla ya baiskeli. Alale saa mbili au mbili na nusu, na simu isiingie chumbani. Vilevile zungumzeni na shule kuhusu mzunguko wa basi, kwa sababu mara nyingi anayechukuliwa wa kwanza asubuhi ndiye anayeshushwa wa mwisho jioni, na hilo linaweza kugeuzwa wazazi wa mtaa mmoja wakiomba pamoja.

Ulizeni pia anafanya nini wakati wa mapumziko. Nasema hili nikiwa mwalimu: wapo wenzetu wanaowaadhibu watoto kwa kuwazuia kutoka nje, na anayenyimwa uwanja huwa ni yule yule anayeuhitaji zaidi.

Ua uliosakafiwa si kikwazo kikubwa hivyo. Rede haihitaji nyasi. Wanaohitajika ni watoto watatu, mpira wa soksi na chupa tupu. Wawili wanasimama pande mbili na kurusha, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na mpira wa soksi hauvunji kioo cha gari la mtu. Anayekaa katikati kwa dakika kumi hutoka akihema.

Afisa Lishe (Dodoma)

Naongeza machache tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuwatoa jasho, na si lazima dakika hizo zifuatane. Robo saa ya kutembea kwa haraka, robo ya rede na nusu saa ya chandimu zinatosha. Sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, ambazo ni kama vijiko saba vya chai, na vinywaji vingi vya maboksi vyenye picha ya embe haviko mbali na hapo.

Tafadhali msimnyime chakula ili akonde. Kwa mtoto anayekua, mara nyingi lengo ni kuzuia uzito usipande ovyo huku kimo kikiendelea kuongezeka, kwa hiyo mrudisheni kliniki apimwe vyote viwili kwa utaratibu. Msimwite "bonge", hata kwa utani. Na chai isinywewe pamoja na mlo wa mboga za majani au maharage, kwani hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini, ilhali chungwa au kipande cha embe huyaongeza.

Bibi wa Pangani

Mwanangu, usikubali kuambiwa kwamba sisi wa zamani tulikuwa hodari. Tulikimbia kwa sababu kisima kilikuwa mbali na ndege walikuwa wanamaliza mpunga. Mpe na huyo Baraka kazi yenye maana, apande ngazi na ndoo yake ndogo.

Mboga nayo anapewa kama dawa, ndiyo maana anaikataa. Mchicha uliochemshwa maji matupu hata mimi siutaki. Ukatekate wembamba, utie tui la nazi na dagaa waliokaangwa kidogo, nawe ule mbele yake bila kumtazama mdomoni. Akikataa leo, weka tena wiki ijayo kidogo tu. Wengine huonja mara kumi ndipo wazoee.

Mama Baraka

Nawashukuru nyote. Zimepita wiki tatu. Shule ilikubali kuugeuza mzunguko, sasa anachukuliwa saa kumi na mbili, na kulala saa mbili na nusu tumefanikiwa siku nyingi isipokuwa Ijumaa. Pancha imezibwa. Rede imekusanya watoto sita wa jengo letu, ingawa mpangaji mmoja amelalamika kuhusu mchanga. Kisamvu cha karanga anakula. Mchicha, hata wa nazi, bado unapangwa ukingoni. Wasiwasi wangu ni masika. Mvua zikianza hatutakuwa na ua, tuna veranda ya hatua nne tu.

Mwalimu wa Msingi (Tanga)

Hatua nne zinatosha kuruka kamba. Akanyage katikati ya kamba kwa miguu yote miwili, na ncha zake zifike kwapani. Ikizidi hapo itamnasa miguuni naye atakata tamaa siku ya kwanza. Wa ghorofa ya chini waarifiwe mapema.