Naomba ushauri: zamu za kuchaji magari na boda za umeme kwenye fleti

Wadau, naomba ushauri. Jengo la fleti 24 hapa Kilimani, Nairobi, lina umeme wa fezi tatu (yaani laini tatu za umeme), ampea 60 kila fezi. Wapangaji wanne wana magari ya umeme. Waendesha boda sita wa mtaa wa nyuma hawana pa kuchajia.

Chaja ya kilowati 7.4 inavuta ampea 32. Ikiwashwa saa moja jioni, shawa mbili za umeme kwenye fezi hiyohiyo zinatosha kuangusha swichi kuu, jengo zima giza. Kwa hiyo wazo ni chaja tatu, kila moja fezi yake, zishushwe hadi ampea 16, saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri: kama yuniti 25 kwa gari. Boda wapate soketi sita ukutani, mbili kila fezi, zenye mita ndogo.

Kinachosumbua ni zamu. Gari linajaa saa saba usiku, mwenyewe kalala, waya bado umechomekwa. Tugawe kwa usiku, au kwa yuniti za wiki? Na asiye na gari achangie gharama ya nyaya? Naona si haki.