Wakuu, programu inasema chuma kinaingia kwenye alumini, supavaiza anakataa. Nifanyeje?

MtuWaAloi: Wakuu heshima kwenu. Nasoma masta, kazi yangu kupiga hesabu kwa kompyuta kujua elementi gani inaingia kiasi gani ndani ya alumini bila kujitenga. Shaba imekubali vizuri tu, chuma nacho kimetoa enaji hasi kabisa, yaani kinaingia asilimia 3, ila supavaiza anataka nirudie yote. Nimwelewesheje huyu mzee bila kumvunjia heshima?

Kibuyu_Kavu: Supavaiza hakosei mkuu. Wangu alinizungusha mpaka mchumba akaolewa.

BiTikiti: Masta ya nini kipindi hiki, njoo tulime matikiti.

FundiKalibu: Ngoja kwanza. Shaba mwisho wake 5.65% kwa uzito, nyuzi 548. Chuma mwisho 0.05% tu, tena pale nyuzi 655 alumini inakaribia kuyeyuka. Hiyo enaji umelinganisha na nini?

MtuWaAloi: Na chuma tupu. Halafu kanuni ya Hume-Rothery inanibeba, atomu zinapishana ukubwa kama 12%, kikomo 15%.

FundiKalibu: Hiyo kanuni inakwambia nani hawezi kuingia, haimhakikishii mtu kuingia. Chuma na alumini zinapendana mno, ndo maana umepata hasi, lakini zinapendana mpaka zinajitenga zinaunda kampaundi yao, Al13Fe4, hiyo ndo ya kulinganisha nayo. Boksi lako la hesabu kwenye kompyuta lina atomu ngapi?

MtuWaAloi: 32.

FundiKalibu: Chuma moja kati ya 32 ni 3.1%. Hiyo asilimia umeiweka mwenyewe, programu haijatabiri kitu. Na haraka yote ya nini?

MtuWaAloi: Sawa niseme. Kuna mzee anasubu sufuria za skrepa, aliniuliza kama lazima achambue boliti za chuma zilizomo, nikamwambia aziache, advansi yake nimelipia ada. Na sio kwamba nimebahatisha, alumini ikipoa haraka inashika chuma kuliko kawaida, nitamwambia aache kalibu za mchanga.

FundiKalibu: Kupoa haraka kwa utepe mwembamba, sio sufuria ya ubwabwa!

Mama_Wawili: Kumbe ndo nyie! Yangu iliachana ukingo nikiipua, pale ilipovunjika kuna vitu kama sindano vinang'aa.

Mzee_Chai: CHAI hii. Mzee gani wa sufuria anampa advansi mtu wa laptopu? Weka risiti.

MtuWaAloi: Mkuu mtaani hatuandikiani risiti.

Kibuyu_Kavu: 😂😂 ila sufuria namba ngapi anazo?

FundiKalibu: Chai isiwe chai, mwambie azichambue kabla hajayeyusha, alumini ikishakuwa majimaji inakula chuma na kukitoa ni shughuli.

MtuWaAloi: Keshazitia tanurini asubuhi. Mimi nimeuliza habari ya supavaiza nyie mnang'ang'ania boliti.