Naomba ushauri: baba mdogo anapinga sayansi kwa kutumia fizikia
Wandugu, niko Bukavu, nafundisha fizikia sekondari. Baba mdogo ni mchungaji. Anahubiri kwamba sheria ya pili ya termodinamiki (elimu ya joto na nishati) inasema kila kitu huharibika tu, kwa hiyo uhai haukuweza kujitokeza. Wanafunzi wangu wanasali kwake, na hoja hiyo wananiletea darasani.

Nimemweleza: sheria hiyo inahusu mfumo uliotengwa kabisa, usiopokea wala kutoa nishati, na dunia hupokea nishati ya jua kila siku. Ndiyo inayopandisha maji ya Ziwa Kivu yawe mawingu! Hasikii. Mlipuko Mkubwa (Big Bang), yaani mwanzo wa ulimwengu, nao anauchukulia kama bomu lililopasuka mahali fulani, wakati ni anga lenyewe linalotanuka, tangu miaka bilioni 13.8 hivi. Nilipomtajia Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyeandika juu ya kutanuka huko mwaka 1927, alisema hayo ni ya Wakatoliki.

Ndiye aliyenilipia masomo. Siwezi kumkosea heshima, wala imani yake siigusi. Ila watoto wana mtihani wa taifa. Nimjibu mbele yao, au nimfuate nyumbani na mzee mwingine wa ukoo? Na ule mnururisho wa angani uliogunduliwa 1965, yaani mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu yanayotufikia kutoka kila upande, mtu asiye na hesabu mnamweleza vipi?